TUBADILI MOTOKAA AU TUSIBADILI?

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Somo la kusoma na hesabu.

 Ninyi mlioketi madarasani Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju, na popote pengine mnapotusikiliza, natumaini daftari ziko wazi na kalamu ziko tayari.

Juma lililopita tulijifunza kugawanya. Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Bwana Elimu, kugawanya huku kutanifaa nini mimi mtu mzima?" Swali hilo ni zuri. Leo nitalijibu kwa shauri lililotokea nyumbani kwangu mwenyewe. Shauri hilo ni la motokaa. Lakini hata wewe usiye na motokaa, sikiliza. Ukitoa neno motokaa ukaweka neno cherehani, au pikipiki, au jokofu la dukani, hesabu yake ni ile ile.

SEHEMU YA KWANZA: HABARI YENYEWE

Mimi nakaa Toangoma, katika Wilaya ya Temeke. Tumepanga nyumba. Kiwanja chetu kiko Chamazi, na boma letu limefika kwenye lenta. Halina bati bado. Majani yameota ndani.

Nina motokaa ndogo, Volkswagen Golf, ile iitwayo GTI. Inatumia petroli. Niliinunua nikiwa kijana, kabla ya kuoa. Gari za jina hilo zilionyeshwa mara ya kwanza Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1975, na zikaanza kuuzwa mwaka 1976. Ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 110. Yangu ni ya kizazi cha tano, kilichoanza kuuzwa mwaka 2004, na nguvu zake ni za farasi 200. Ni gari fupi, jepesi, lenye mbio. Nakiri kwamba naipenda. Ukikanyaga mafuta, husubiri kitu.

Lakini mambo ya nyumbani yamebadilika. Watoto sasa ni watatu. Mama yangu mzazi yuko kijijini, Wilaya ya Kibiti, na magoti yake ni mabovu. Kila miezi mitatu huja Dar es Salaam kuonana na daktari. Kuingia katika gari lile la chini ni taabu kwake, na kutoka ni taabu zaidi. Tena, wakati wa masika njia ya kijijini ina matope na mashimo. Mara mbili nimeiacha gari barabara kuu nikampanda mtu wa bodaboda.

Siku moja dalali akanijia. Alikuwa na Toyota Land Cruiser Prado ya dizeli, ya kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 1996. Ni gari kubwa, refu kwenda juu, lenye nafasi ya watu saba. Akaniambia, "Mwalimu, toa hiyo ndogo, ongeza milioni 9 juu, chukua hii. Tena dizeli haili mafuta. Utaweka akiba."

Nilirudi nyumbani nimekwisha kuamua moyoni. Nikamweleza mke wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba watoto, wewe unawafundisha watu hesabu redioni. Hiyo akiba umeihesabu?"

Sikuwa nimeihesabu. Basi, tuihesabu pamoja.

SEHEMU YA PILI: PETROLI NA DIZELI

Kwanza tujue tofauti. Kwa nini watu husema dizeli haili mafuta?

Katika injini ya petroli, mafuta na hewa hubanwa pamoja, mara kumi hivi ya udogo wake wa kwanza. Kisha plagi hutoa cheche, na mchanganyiko huo huwaka. Katika injini ya dizeli hakuna plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa peke yake, na hubanwa sana, kiasi cha mara 15 mpaka 22. Hewa ikibanwa hivyo hupata moto mkali. Hapo dizeli hunyunyizwa ndani na nozeli, nayo huwaka yenyewe.

Mtu aliyepata kutia upepo baiskeli ameyaona haya. Ukipampu kwa nguvu, pampu hupata moto mkononi. Ni hewa iliyobanwa.

Aliyeitengeneza injini hii ni mhandisi wa Kijerumani, Rudolf Diesel. Ilifanya kazi vizuri mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Jina lake ndilo tunalolitamka kila siku kwenye kituo cha mafuta.

Kwa sababu ya kubana sana, injini ya dizeli hupata kazi nyingi zaidi kutoka katika mafuta yake. Tena lita moja ya dizeli ina nguvu zaidi ya lita moja ya petroli, karibu sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo maneno ya dalali yana ukweli ndani yake. Ukichukua gari mbili za ukubwa mmoja, moja ya petroli na moja ya dizeli, ile ya dizeli itakwenda mbali zaidi kwa lita moja.

Lakini angalieni maneno yale: za ukubwa mmoja. Golf yangu ina uzito usiofika tani moja na nusu. Prado ile inakaribia tani mbili. Ina umbo pana linalopambana na upepo, na magurudumu makubwa. Punda mwenye nguvu ukimtwika magunia mawili, hatamshinda punda wa kawaida aliyebeba moja. Dalali alinieleza habari za punda, lakini habari za magunia hakuzitaja.

SEHEMU YA TATU: KUPIMA NA KUGAWANYA

Sasa chukueni kalamu. Tutajifunza kupima gari linakula mafuta kiasi gani. Kazi hii haihitaji fundi.

Kwanza, jaza tangi mpaka juu. Andika namba ya kilomita iliyo kwenye dashibodi. Pili, tembea siku zako chache kama kawaida. Tatu, rudi kituo kile kile, jaza tena mpaka juu, na andika lita zilizoingia. Kisha toa, na gawanya.

Mimi nilifanya hivyo. Andikeni:

Namba ya pili: 84,530
Namba ya kwanza: 84,210
Tofauti: kilomita 320
Lita zilizoingia: 32

320 gawanya kwa 32 ni 10. Basi, Golf yangu hupata kilomita 10 kwa lita moja, katika foleni zetu za Barabara ya Kilwa.

Nikamwomba mwenye Prado naye apime. Alipata kilomita 9 kwa lita.

Kwa mwezi mmoja natembea kilomita 1,000. Na bei ya mafuta? Bei kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi, Jumatano ya kwanza. Bei hupanda na kushuka. Mwaka 2022 zilipanda kupita shilingi 3,000 kwa lita, na Oktoba 2023 hapa Dar es Salaam dizeli ilikuwa ghali kuliko petroli. Kwa hiyo mtu asinunue gari la dizeli akidhani mafuta yake yatakuwa ya bei nafuu siku zote. Kwa ajili ya somo letu, tuseme mafuta yote mawili ni shilingi 3,000 kwa lita. Wewe nyumbani tumia bei ya mwezi wako.

Golf: kilomita 1,000 gawanya kwa 10 ni lita 100. Lita 100 mara shilingi 3,000 ni shilingi 300,000.

Prado: kilomita 1,000 gawanya kwa 9 ni lita 111. Lita 111 mara shilingi 3,000 ni shilingi 333,000.

(Hapa mwalimu asimamishe somo kwa dakika tano. Wanafunzi wafanye hesabu hizi wenyewe, kisha walinganishe majibu.)

Mmeona? Akiba niliyoahidiwa haipo. Badala ya kuweka akiba, ningeongeza shilingi 33,000 kila mwezi. Tena kuna mafuta ya injini. Golf hutaka lita nne na nusu hivi kila inapobadilishwa oili. Prado ile hutaka lita saba hivi. Na matairi yake ni makubwa, hayauzwi kwa bei ya matairi madogo.

Jambo jingine la kukumbuka: mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, na fedha hizo zikaingizwa katika bei ya mafuta. Maana yake, anayechoma mafuta zaidi hulipa zaidi.

SEHEMU YA NNE: KULIKAGUA GARI

Hesabu ya mafuta ilinipiga, lakini sikukubali mara moja. Nilimwambia mke wangu, "Mafuta sawa. Lakini hili ni refu, litafika kijijini kwa Mama." Hayo ni kweli. Basi tukakubaliana twende tukalitazame, pamoja na fundi tunayemwamini.

Fundi aliniambia, "Mwalimu, twende asubuhi na mapema, injini ikiwa ya baridi." Tulipofika, boneti ilikuwa ya moto. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuliwasha. Fundi akasema tungoje. Tulingoja karibu saa mbili kivulini. Kumbukeni hili: injini ya dizeli iliyochoka huwa nzito kuwaka ikiwa baridi. Atakayekuonyesha gari injini ikiwa tayari na moto, huenda ana haraka tu, au huenda ana jambo.

Injini ilipopoa, fundi alifungua mfuniko wa rejeta. Msifungue rejeta yenye moto hata siku moja. Maji yake huruka na kuunguza uso. Akaliwasha, akatazama maji. Yakaanza kutoa mapovu, na mapovu hayakukoma.

"Mwalimu," akasema, "maji haya yanatoa mapovu kabla injini haijapata moto. Huu ni upepo wa kutoka kwenye silinda. Aidha gasketi imekwisha, aidha silinda hedi imepasuka."

Injini hiyo ya lita tatu inajulikana kwa tabia hiyo. Ikiachwa ikachemka, silinda hedi yake hupasuka. Si injini mbaya. Ni injini inayotaka rejeta safi na maji ya kutosha. Gari lililotunzwa hudumu miaka mingi. Lililochemshwa ni mzigo wa mwenye kulinunua.

Andikeni mambo mengine ambayo fundi alinifundisha asubuhi ile:

1. Moshi mweusi mwingi: mafuta hayaungui sawasawa. Tazama nozeli na chujio la hewa.
2. Moshi wa bluu: injini inakula oili.
3. Moshi mweupe usiokoma: maji yanaingia ndani, au dizeli haiwaki vizuri.
4. Dizeli chafu huua pampu na nozeli. Wengi wetu tunalijua neno kuchakachua. Zamani wengine walitia mafuta ya taa katika dizeli, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na bei ndogo. Mwaka 2010 Serikali ilianza kuweka vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya hila hiyo iondoke. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli inavyolainisha. Ndiyo maana pampu husagika.
5. Ukikosea ukatia petroli katika gari la dizeli, usiliwashe. Lisukume pembeni, mwite fundi atoe mafuta yote.

Na neno moja kwa wote, wa magari makubwa na madogo. Mvua za masika zikijaza njia maji, usiingie kwa kuwa gari lako ni refu. Maji yanayokwenda mbio huinua hata gari zito. Maji hayaulizi bei ya gari.

Tukarudi nyumbani. Fundi tukamlipa ujira wake. Fedha ile ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika shauri hili.

SEHEMU YA TANO: HESABU KUBWA

Dalali hakukata tamaa. Jioni ile ile alipiga simu: ameipata nyingine, nzima kabisa, bei ile ile. Moyo wangu ukaanza tena kwenda mbio.

Hapo mke wangu alikwenda akaleta daftari la matumizi. Hakusema neno la ukali. Aliuliza maswali tu.

"Baba watoto, hiyo milioni 9 iko wapi?"

Nikamjibu, "Si ile ya bati?"

"Ni ile ya bati," akasema. "Na kwa mwezi huwa tunaweka shilingi ngapi?"

"Shilingi 300,000."

Tukagawanya. 9,000,000 gawanya kwa 300,000 ni 30. Miezi 30. Miaka miwili na nusu ya kujinyima, ambayo ningeimaliza kwa asubuhi moja. Na miezi mingine 30 ndipo tungerudi pale tulipo, huku tukilipa kodi ya nyumba na boma likinyeshewa.

Akauliza tena, "Gari kubwa tunalihitaji siku ngapi kwa mwaka?"

Tukahesabu kwa vidole. Mama huja mara nne. Kila mara kuna siku ya kumleta na siku ya kumrudisha. 4 mara 2 ni siku 8.

"Na kukodi gari refu kwa siku moja?"

Nilimwuliza jirani mwenye gari la kukodisha. Alisema shilingi 150,000, mafuta juu yetu. 8 mara 150,000 ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka.

Sasa, 9,000,000 gawanya kwa 1,200,000 ni ngapi? Ni 7 na nusu. Fedha niliyotaka kuongeza juu ingetosha kukodi gari la kumchukua Mama kwa miaka saba na nusu.

Nilikaa kimya. Kisha nikasema jambo ambalo nilikuwa sijalisema hata kwa nafsi yangu. Nilisema, "Mama watoto, mimi nilitaka lile gari. Nilitaka watu wanione nimefika."

Akasema, "Najua. Lakini tukifika, tutalala wapi?"

Wasikilizaji, maneno haya siyasemi redioni ili nichekwe. Nayasema kwa sababu najua siko peke yangu. Mara nyingi tunasema "mafuta", tunasema "watoto", tunasema "Mama mgonjwa", na mambo hayo yote ni kweli. Lakini chini yake kuna jambo jingine tusilolitaja, nalo ndilo linaloendesha gari. Hesabu haiwezi kuliondoa. Inaweza kuliweka mezani tu, likaonekana.

Basi, tuliamua. Hatukubadili. Gari la kumchukua Mama tutakodi. Fedha za bati zitanunua bati. Nyumba ikishaezekwa, tutalirudia shauri hili, na wakati huo kodi ya nyumba itakuwa imepungua katika matumizi yetu.

Mama alipokuja mara ya mwisho, alikuja katika gari la kukodi, ameketi mbele. Nilimpitisha Chamazi akaone boma. Alitazama juu pasipo na bati, akasema, "Mwanangu, pesa ziingie hapa. Mimi magoti yangu hayataki gari la kwangu."

SEHEMU YA SITA: SI KILA MTU JIBU LAKE NI HILI

Msiende nyumbani mkasema, "Bwana Elimu amekataza dizeli." Sikukataza.

Ninaye jirani mwenye biashara ya nazi na mihogo. Hutembea kilomita 3,000 kwa mwezi, nyingi katika njia za mchanga, na mzigo nyuma. Yeye alikuwa na gari dogo la petroli, akabadili akachukua la dizeli. Alifanya vizuri. Injini ya dizeli huvuta mzigo bila kuzungushwa sana, na safari ndefu ndizo zinazoifaa. Kwake gari lile ni jembe. Kwangu mimi lingekuwa kofia.

Basi kabla ya kubadili, jiulize maneno manne: Nalihitaji siku ngapi? Linakula kiasi gani nikilipima mwenyewe? Fedha ya kuongeza juu ilikuwa na kazi gani? Na moyoni nataka nini hasa?

Na ukiamua kubadili, usisahau karatasi. Jina lililo katika kadi ya gari lilingane na la anayeuza. Namba ya chesisi iliyo katika kadi ilingane na iliyo katika gari. Uliza kwa namba ya gari kama lina deni la faini za barabarani. Andikeni mkataba mbele ya wakili, kisha mkabadili umiliki TRA. Wewe uliyetoa gari lako pia ufuatilie, kwa maana gari likibaki katika jina lako, makosa ya mwenzio barabarani yatakujia wewe. Na bima iwe hai siku ile ile unayoondoka nalo.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche?
2. Gari lilijazwa mafuta likiwa na namba 51,400. Lilipojazwa tena lilikuwa na namba 51,760, na ziliingia lita 30. Linapata kilomita ngapi kwa lita moja?
3. Mtu anaongeza shilingi 4,800,000 ili abadili pikipiki apate bajaji. Anatumaini kupata shilingi 200,000 zaidi kila mwezi. Itachukua miezi mingapi fedha yake kurudi?
4. Taja moshi wa rangi tatu na maana zake.
5. Zungumzeni: Je, mke alifanya vizuri kuuliza maswali badala ya kukataa? Ninyi mngeamuaje?

Swali la 2 na la 3 tutayasahihisha juma lijalo. Atakayekosa asione haya. Mimi mwenyewe nilikuwa na kalamu mfukoni siku zote, na karibu nilipe milioni 9 bila kuitoa.

Kwaherini, na tusome kwa bidii.